Ufa wa Ardhi Hukimbia Kiasi Gani?

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kupasua gogo kwa kabari. Huku kwetu Zinga tunapasua mikorosho mizee iliyoacha kuzaa, na kazi hiyo yaijua kila nyumba. Unagonga kabari, ufa unafunguka, na ukitazama vizuri utaona kwamba ncha ya ufa imekwisha tangulia mbele. Kabari yenyewe bado iko nyuma. Kabari husukuma mbavu za gogo zitengane, na huko mbele mti hupasuka wenyewe.

Sasa fikiri kabari ambayo si chuma ila ni maji. Yashindilie maji kwa nguvu katika tundu la jiwe lisilo na njia ya kutokea. Yatasukuma pande zote mpaka jiwe lishindwe. Ufa ukisha kufunguka, maji huingia ndani yake, nayo yakisha kuingia husukuma tena, na ufa huzidi kwenda. Tofauti na kabari ya chuma ni hii: ya maji humfuata ufa kila aendapo. Wachimba mafuta wa Marekani waliitumia hila hiyo mwaka 1947 katika jimbo la Kansas, walipopiga bomba petroli iliyotiwa dawa ikawa nzito kama uji, wakaishindilia ndani ya kisima ili mwamba upasuke. Lakini dunia yenyewe imeifanya kazi hiyo tangu zamani za kale. Chini ya milima ya moto mna uji wa mawe yaliyoyeyuka, unaoitwa magma, nao hupasua njia yake kwa namna ile ile. Ukipoa ndani ya ufa hubaki kama ukuta wa jiwe uliosimama wima chini ya ardhi.

Usidhani habari hizi ni za Ulaya tu. Katikati ya Julai 2007 ardhi ya kaskazini mwa nchi yetu, karibu na Ziwa Natron, ilianza kutetemeka mfululizo. Tetemeko kubwa kuliko yote lilikuwa la tarehe 17 Julai, la kipimo cha 5.9, hata watu wa Nairobi wakatoka mbio katika majumba yao. Wataalamu walilinganisha picha za rada zilizopigwa na setilaiti kabla na baada ya siku hizo, wakakuta kwamba chini ya mteremko wa kusini wa mlima Gelai ardhi ilikuwa imefunguka ufa wa kilomita kadhaa, na upana wake kama mita 2, umejazwa magma. Haukufika juu. Mtu aliyesimama pale angeona nyufa za udongo tu. Kisha tarehe 4 Septemba mwaka ule ule, jirani yake Oldoinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, ulilipuka na kurusha majivu, na mlipuko huo uliendelea kwa vipindi hata mwaka 2008.

Habari za Gelai nilizisikia mara ya kwanza nilipokuwa nasomea ualimu katika chuo cha Monduli, kutoka kwa wenzangu waliozaliwa kule. Zilinipendeza, nikaziweka akilini. Sikujua kuwa zitakuja kunihusu. Lakini dada yangu mkubwa ni muuguzi, naye siku hizi anafanya kazi katika zahanati moja upande huo wa Ziwa Natron, pamoja na watoto wake wawili. Mwaka uliopita alinipigia simu usiku.

“Shikamoo dada,” nikasema.

“Marahaba mdogo wangu. Ardhi imetikisika tena jioni hii, mara mbili. Wewe ndiye msomaji wa vitabu. Niambie jambo moja tu: ufa kama ule wa Gelai ukianza, sisi tuna muda gani? Nina mama wawili hapa wamejifungua jana.”

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni daftari za ubatizo na za ndoa, risiti za zaka na barua za Padre. Lakini swali la dada si la kujibiwa “usiogope”. Basi nilianza kutafuta jinsi wataalamu wanavyopima mwendo wa ufa, na ndiyo habari nitakayo kukusimulia.

Shida ya kwanza ni kwamba ufa wa ardhini hauonekani. Ndiyo maana watu walianza kuutengeneza mezani. Mwaka 1957 Wamarekani wawili, Hubbert na Willis, walijaza jeletini katika chupa laini ya plastiki. Jeletini ni ile inayogandisha tamutamu za watoto, nayo hutazamana na faluda tunayokula pwani siku za sikukuu. Wakaishindilia maji ya plasta ndani yake. Walipoibana chupa upande mmoja, ufa ulijifungua kila mara kuelekea upande uliobanwa kidogo kuliko mingine. Jambo dogo, lakini lilimaliza ubishi mkubwa wa wachimba mafuta, maana wengi waliamini kuwa ufa hulala chini kama mkeka siku zote. Kumbe mara nyingi husimama wima kama ukuta.

Labda utacheka: jeletini na mlima vina uhusiano gani? Mimi pia niliuliza hivyo. Jibu lake ni la akili sana. Mwamba ni mgumu, na mlima ni mkubwa. Ukiupunguza mlima uwe wa kuwekwa mezani, sharti upunguze na ugumu wake kwa kiasi hicho, ama sivyo hautapasuka kama mlima. Jeletini ni laini mno, kwa hiyo sentimita chache ndani yake huwa kama kilomita ndani ya mwamba. Isitoshe, inapenyeka kwa mwanga, na unaweza kuutazama ufa ukienda.

Tangu hapo vyumba vya majaribio vimeongezeka. Huko Melbourne, Australia, walitumia plastiki ngumu inayong’aa kama kioo, wakashindilia maji yaliyotiwa rangi, na taa ikawaka upande wa pili. Kamera iliona ncha ya ufa ikisogea, tena mahali rangi ilipokolea walijua ufa umefunguka zaidi, na mahali ilipofifia ni mwembamba. Kwa jiwe halisi mwanga haupiti, ndipo wakatumia sauti. Waholanzi wa Delft walianza zamani, na hivi karibuni watu wa Lausanne, Uswisi, wamechukua mwamba wa pande sita wa sentimita 25 kila upande, wakaubandika vyombo 64, nusu vya kupiga sauti na nusu vya kusikiliza. Sauti ikifika kwenye ncha ya ufa hutawanyika, na kwa kupima imechelewa kiasi gani wanachora ncha ilipo, sekunde kwa sekunde. Ni kama Mama Mkwe anavyogonga nazi kwa kidole na kuijua iliyoharibika bila kuivunja.

Sasa tuje kwenye mwendo wenyewe, maana hapa ndipo utamu ulipo. Ukipiga maji kwa kiasi kile kile kila sekunde, ufa hutandaa mviringo kama sarafu, na kadiri unavyotandaa ndivyo unavyopungua mwendo. Mwaka 2015 Ching-Yao Lai na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walipima jambo hili katika jeletini na kukuta hesabu za watangulizi wao ni za kweli. Kuna hali mbili. Kimiminiko kikiwa chepesi kama maji, nguvu nyingi hupotea katika kurarua jeletini yenyewe. Hapo, ili ufa uwe mkubwa mara 4, sharti ungoje mara 32. Kimiminiko kikiwa kizito kama asali, nguvu hupotea katika kukilazimisha kipite mle ndani pembamba. Hapo utangoja kama mara 23. Kwa hiyo swali “ufa huenda upesi kiasi gani?” halina jibu mpaka useme kitu gani kinaupasua, kinaingia kwa wingi gani, na umekwisha kwenda mbali kiasi gani.

Kusoma peke yake hakukunitosha. Nilitaka kuona. Mpwa wangu wa kidato cha tatu, ambaye anakaa nami hapa Zinga, akawa msaidizi. Tulinunua jeletini Bagamoyo mjini, tukapata chombo cha plastiki cheupe kinachoonyesha ndani, upana wake kama sentimita 30, tukakitoboa chini na kuziba tundu kwa mpira. Dada alitutumia mpira mpya wa dripu. Joto la pwani haliipendi jeletini hata kidogo, basi jirani muuza soda alitupatia nafasi katika jokofu lake usiku kucha, naye akatuuliza mara tatu kama ni chakula.

Chupa ya maji mekundu tuliitundika juu ya dari ya jikoni, tukafungua mpira wa dripu kiasi, na mpwa akashika simu ya kupiga picha huku rula imesimama nyuma ya chombo. Mara ile sarafu nyekundu ikatokea katikati ya jeletini. Jinsi ilivyokuwa nzuri! Kingo zake zilikuwa laini, nyembamba kama karatasi. Kutoka katikati, sentimita 2 za kwanza zilichukua sekunde 4. Sentimita 2 za pili zilichukua sekunde 19. Za tatu zikachukua karibu sekunde 40. Mpwa akachukua kalamu akapiga hesabu ya mara 32 na mara 4, akaikuta inakubali, akaruka kwa furaha kama aliyefunga bao.

Tulipofunga mpira, ufa ulisimama pale pale. Hilo nalo liandike moyoni: ufa wa namna hii hauna nguvu yake mwenyewe. Ukikatiwa chakula, hulala.

Jaribio la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Badala ya maji tulisukuma hewa kwa bomba la sindano kutoka chini. Hewa ni nyepesi kuliko jeletini, kama magma iliyo nyepesi kuliko mwamba unaoizunguka. Ilipokuwa kidogo ilikaa tu pale chini. Tulipoiongeza ikafika kiasi fulani, ikaanza kupanda yenyewe, bila kusukumwa tena! Tuliondoa sindano kabisa nayo ikaendelea kupanda, umbo lake kama tone lililogeuzwa, kichwa kinene juu, mkia mwembamba chini, na jeletini ikijifunga nyuma yake. Hii haikupungua mwendo kama sarafu. Ilikwenda sawasawa, kama sentimita 1 kwa sekunde 3, mpaka ilipokaribia juu. Hapo ikazidi mbio, ikatoka kwa kishindo kidogo na kuturushia matone. Wataalamu wamelieleza jambo hilo: karibu na uso hakuna tena uzito wa kuibana kutoka juu, basi ufa hupata wepesi. Kwa mtu anayeishi juu ya ardhi, maana yake ni kwamba safari ya mwisho ndiyo fupi kuliko zote.

Yako pia majaribio ya jeletini ya tabaka mbili. Janine Kavanagh na wenzake huko Uingereza, mwaka 2006, waliweka tabaka gumu juu ya laini. Ufa ulipofika kwenye tabaka gumu uligeuka, ukalala ubavu na kutandaa kati ya matabaka. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya jambo la kushukuru, kwamba nyufa nyingi za magma hazifiki juu kabisa, kama ule wa Gelai.

Je, mambo ya mezani hulingana na ya milimani? Ardhini wataalamu hupima kwa matetemeko madogo. Kila ncha ya ufa inaposogea, mwamba huvunjika kidogo, na mashine husikia. Matetemeko yakihama kutoka mahali hata mahali kwa mpango, hao ndio wajumbe wa ufa unaokwenda. Kwa njia hiyo imeonekana kwamba ufa wa magma mara nyingi huenda pungufu ya mita moja kwa sekunde, yaani kilomita moja au mbili kwa saa. Mtoto anayetumwa dukani huushinda.

Lakini usituame juu ya hesabu hiyo. Tazama Aisilandi, kisiwa chenye milima ya moto mingi. Mwaka 2014, chini ya mlima Bárðarbunga, ufa ulianza tarehe 16 Agosti, ukaenda karibu kilomita 48 kwa muda wa majuma mawili, ukisimama na kuanza tena, kabla magma haijatoka juu. Mwaka 2023, katika nchi hiyo hiyo, tarehe 10 Novemba, ufa wa kilomita 15 ulijifungua kwa saa chache tu chini ya mji wa Grindavík, na wakazi wote wakaondolewa usiku ule. Nchi moja, uji wa namna moja, na mmoja umewapa watu majuma mawili, mwingine jioni moja. Sababu ni ile ile tuliyoiona jikoni: wingi wa kinacholishwa.

Huku Afrika ya Mashariki tunayo mafunzo yetu, tena machungu. Mwezi Septemba 2005, katika nchi ya Afar, Ethiopia, ardhi ilifunguka ufa wa kilomita 60, na mahali pengine upana wake ulifika mita 8. Bahati nzuri watu wa pale ni wachache. Goma si hivyo. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni bila dalili ya kutosha kuwaonya watu, na zaidi ya 30 wakafariki. Lava ilisimama ukingoni mwa mji. Kumbe mambo hayajaisha. Kwa siku zilizofuata matetemeko yalihamia kusini, chini ya mji wenyewe, kisha chini ya Ziwa Kivu, maana ufa wa magma ulikuwa unatambaa huko, mamia ya mita tu chini ya nyumba za watu. Ziwa lile lina gesi nyingi kilindini, na hofu ilikuwa kwamba likichafuka litaua umati. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru mitaa 10 ihame. Mamia ya maelfu ya watu walikwenda Sake, Rwanda na Bukavu, wengine kwa miguu na godoro kichwani. Ufa ukasimama chini ya ziwa bila kutoka. Wako waliosema baadaye kwamba watu walisumbuliwa bure. Mimi siafiki. Aliyeona ile hewa yetu ikizidi mbio karibu na uso hawezi kusema neno hilo.

Basi nilimpigia dada simu, nikamjibu hivi. Muda usio na shaka haupo, na atakayekupa saa kamili anakudanganya. Tetemeko moja au mawili si ufa. Kule Natron ardhi hutikisika mara kwa mara kwa sababu nyingine. Yakija mfululizo siku nzima, tena yakizidi, usingoje kuona moshi. Mwaka 2007 yalianza siku kadhaa kabla ya lile kubwa, lakini usiichukue hiyo kuwa ahadi. Andika katika daftari saa ya kila tetemeko na jinsi vitu vilivyotikisika, umpe taarifa mtendaji wa kijiji ili ifike kwa wataalamu wa serikali, maana daftari la mtu mmoja haliwezi kuonyesha ufa unaelekea wapi, ila mashine nyingi pamoja na madaftari mengi zaweza.

“Na mama zangu waliojifungua?” akauliza.

Nikamwambia ajue leo gari lililo karibu ni la nani, na namba ya simu ya dereva aibandike ukutani. Akasema gari ni moja tu, la mfanyabiashara wa ng’ombe, na dereva wake huzima simu usiku. Akaenda kuzungumza naye kesho yake. Sasa simu haizimwi, na daftari la matetemeko lina mistari kumi na moja.

Kwa mwalimu au mzazi atakaye kuwaonyesha watoto jaribio hili: ngoja miezi ya baridi, Juni na Julai, kwa maana jeletini huyeyuka upesi sana kwa joto la Januari. Itie maji ya moto pole pole, uikoroge bila kuingiza mapovu, uiache usiku mzima mahali pa baridi. Bomba la sindano liwe jipya, na sindano yenyewe aishike mtu mzima. Usisahau rula nyuma ya chombo. Na ukimaliza, itupe mbali na kuku. Yetu walikula wa jirani, wakatembea na midomo myekundu siku mbili.